Goti Likisagika, Tazama na Kamba Zake

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zetu wauguzi, wahudumu wa afya mnaopita nyumba kwa nyumba, na ninyi mliowasindikiza wazazi wenu, karibuni.

Kwenye kliniki za mifupa kuna neno linalosemwa kila siku: "Goti linalegea." Wengine husema, "Linaniacha nikishuka ngazi." Mwenye neno hilo akiwa na miaka 25 na ameumia uwanjani, kila mtu hushtuka na kutafuta ligamenti (kamba inayofunga mifupa) iliyochanika. Akiwa na miaka 65 na alishaambiwa kuwa magoti yake yamesagika, hujibiwa kwamba ni uzee, akapewa vidonge vya maumivu na kurudi nyumbani. Jibu hilo tumekuja kulipinga. Goti lililosagika lina ligamenti kama goti jingine lolote. Huchakaa, huchanika, na mara nyingi huchanika bila mwenyewe kujua. Tena kulegea kwa goti la mzee kuna sababu tatu tofauti, na kila moja ina tiba yake.

Tuanze na goti lenyewe. Anayetaka kuliona asiende mbali, asimame buchani wakati goti la mguu wa nyuma wa ng'ombe linapopasuliwa. Ataona ncha za mifupa zimefunikwa na kitu cheupe kinachong'aa na kuteleza kama sahani iliyolowa. Hilo ndilo gegedu, na likilika ndipo tunasema goti limesagika. Katikati ya mifupa ataona vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vinene ukingoni na vyembamba kwa ndani. Hizo ni meniski. Ndani kabisa ataona kamba mbili ngumu zilizopishana, ambazo kisu hulazimika kuzikata kwanza ndipo mifupa iachane. Hizo ni ligamenti za msalaba. Goti la binadamu limepangwa vivyo hivyo.

Tuelewane pia kuhusu maneno, maana mtaani kila kitu ni "mshipa". Mshipa wa damu ni bomba. Mshipa wa fahamu hupeleka taarifa. Kano hushika msuli kwenye mfupa, na ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa. Mgonjwa akisema mshipa umekatika, mwambieni aonyeshe mahali kwa kidole kimoja. Kidole hicho kitawaambia mengi kuliko neno lenyewe.

Goti lina vyumba vitatu: cha ndani, upande unaotazama goti la pili, cha nje, na cha mbele, nyuma ya pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele. Gegedu la vyumba hivi lina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi, na lile la nyuma ya pia ni miongoni mwa yaliyo manene kuliko yote mwilini. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Ndiyo sababu linaweza kulika miaka mingi kimyakimya, na maumivu yakija yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye ngozi laini ya ndani ya kiungo, au kwenye ligamenti. Chakula chake hulifikia kupitia ute wa goti: ukikanyaga linaminywa, ukiinua mguu linafyonza, kama sifongo. Mzee anayelazwa kitandani miezi mitatu "ili goti lipumzike" gegedu lake linakosa chakula.

Na huo ute, katika goti zima haujazi hata kijiko cha chai. Watu husema, "Mafuta ya goti yamekauka." Mara nyingi mambo ni kinyume: goti lililosagika huwa na maji mengi kuliko kawaida, ila yamekuwa mepesi na hayatelezeshi vizuri. Supu ya kongoro ni chakula kizuri, lakini ikifika tumboni humeng'enywa kama nyama nyingine. Haishuki kwenye goti kuziba palipolika.

Sasa ligamenti. Ziko nne kubwa. Ligamenti ya msalaba ya mbele ina urefu wa sentimita 3 hadi 4 na upana wa sentimita moja hivi. Hutoka mbele juu ya mfupa wa ugoko, ikapanda kwa mshazari kwenda nyuma hadi ukuta wa ndani wa kichwa cha nje cha ncha ya chini ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuuzuia ugoko usiteleze mbele na usijizungushe kupita kiasi. Ya nyuma ni nene zaidi na huuzuia ugoko usirudi nyuma. Pembeni upande wa ndani kuna ligamenti pana kama utepe, yenye urefu wa sentimita 10 hivi, na tabaka lake la chini limegandana na meniski ya ndani. Upande wa nje kuna kamba ya mviringo, nyembamba kama penseli, inayoshuka hadi kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje wa mguu. Hii haikuungana na meniski. Kwa hiyo meniski ya nje ina nafasi ya kusogea na kujiokoa, wakati ya ndani imefungwa, na ndiyo inayochanika mara nyingi zaidi.

Goti si bawaba ya mlango ya kukunja na kukunjua tu. Unapolinyoosha, katika nyuzi 20 za mwisho ugoko hujizungusha kidogo kuelekea nje na goti likajifunga, na hapo ndipo unaposimama kwa muda mrefu bila misuli kuchoka. Mtu asiyeweza kulinyoosha goti lake mpaka mwisho hafiki kwenye kufuli hilo. Anasimama kwa nguvu za misuli tu, na misuli ikichoka goti linamwacha.

Kusagika kunazifanya nini kamba hizi? Kwanza, mfupa unaobeba mzigo bila gegedu huota miiba pembezoni. Wengi wanaijua miiba hiyo kwa sababu wameonyeshwa kwenye eksirei, lakini hawaambiwi kwamba huota pia ndani ya mfereji wa katikati ambamo ligamenti za msalaba zinapita. Mfereji unakuwa mwembamba, na kila mara goti linaponyooshwa, ligamenti ya mbele inasuguliwa, kama kamba ya kisima inayopita juu ya ukingo wenye ncha. Pili, ndani ya ligamenti yenyewe nyuzi hupoteza mpangilio wake na katikati yake huingia ute mzito. Nguvu nayo hushuka kwa umri peke yake: vipimo vilivyochapishwa mwaka 1991, vilivyofanywa kwa magoti ya watu waliokwisha kufariki, vilionyesha kuwa ligamenti ya mbele ya vijana wa miaka 22 hadi 35 ilikatika kwa mvuto wa takriban nyutoni 2,160, sawa na uzito wa kilo 220, na ya wenye miaka 60 na kuendelea kwa takriban nyutoni 660, yaani kilo 67 hivi.

Kwa hiyo haihitaji ajali kubwa. Mwaka 2005 kulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu wenye magoti yaliyosagika na yanayouma, waliopigwa picha za MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha hata ligamenti. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikutwa ligamenti ya mbele imekatika kabisa, na chini ya nusu ya hao walikumbuka kuwahi kuumia goti. Wasiosikia maumivu walikuwa na tatizo hilo kwa nadra, chini ya watatu kati ya mia. Njia hii hupitika pande zote mbili: kijana aliyechana ligamenti ya mbele, katika miaka 10 hadi 20 ana uwezekano wa takriban nusu kwa nusu wa kuonekana na goti lililosagika kwenye picha, hata akiwa bado hajafika miaka 45.

Tukae kidogo kwenye matege, kwa sababu hapo ndipo gegedu na ligamenti huharibiana waziwazi. Chumba cha ndani kikilika, mguu huanza kupinda kwenda nje. Ligamenti ya mbele ikiwa bado nzima, kulika huko hukaa sehemu ya mbele ya chumba cha ndani, na nyuma gegedu hubaki zima. Matokeo yake unaweza kuyaona kwa macho: mzee akisimama ana matege, akikaa kitini goti likiwa limekunjwa nyuzi 90, matege hupotea, maana sasa mifupa inagusana pale nyuma palipo na gegedu. Kila anapokunja goti, ligamenti ya ndani inavutwa na kubaki na urefu wake. Lakini ligamenti ya mbele ikishakufa, ugoko huteleza mbele, kulika kunahamia nyuma, na ligamenti ya ndani haipati tena siku ya kunyooshwa. Inasinyaa. Matege yanakuwa ya kudumu, ya kusimama na ya kukaa, na kamba za upande wa nje zinazidi kuvutwa kila hatua. Mhudumu anayejua kuangalia tofauti hii, bila mashine yoyote, ameshajua jambo kubwa kuhusu goti hilo.

Basi turudi kwenye kulegea. Sababu ya kwanza ni ligamenti iliyochanika kweli. Ya pili ni ulegevu bandia, na hapa hata wataalamu huteleza. Mpimaji anamlaza mgonjwa chali, anashika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja, anaweka mwingine upande wa nje wa goti lililokunjwa nyuzi 30, kisha anasukuma goti kwenda ndani. Upande wa ndani unafunguka, anaandika: ligamenti ya ndani imechanika. Haikuchanika. Gegedu limelika, mifupa imekaribiana, kamba imebaki ndefu kuliko nafasi yake. Alichofanya ni kulirudisha goti mahali lilipokuwa miaka 15 iliyopita. Dalili ni mwisho wa msukumo. Ligamenti nzima husimama ghafla, kama kamba ya kuanikia nguo iliyofika mwisho wa kuvutika. Iliyochanika huendelea kulainika na haina mwisho wa wazi. Na kosa la kinyume lipo pia: miiba inaweza kulibana goti likawa gumu, ugoko ukavutwa mbele na usisogee, mpimaji akasema ligamenti ya mbele ni nzima kumbe haipo. Linganisheni na goti la pili kila mara, mkikumbuka kuwa la pili nalo huenda limesagika.

Sababu ya tatu ni msuli. Maji ya ziada ya mililita 20 hadi 30 ndani ya goti yanatosha kuuzima kwa sehemu msuli wa mbele ya paja, hasa ule wa upande wa ndani. Mwili wenyewe huuzima. Mzee hajazembea, na kumwambia "jikaze" hakumsaidii. Msuli huo ukizimika miezi kadhaa, paja linakonda, na goti lenye ligamenti zote nne linamwangusha mwenyewe.

Sasa mzee ameanguka, au ameteguka akishuka kwenye daladala. Ulizeni kwanza: goti lilivimba lini? Likivimba ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu: ligamenti ya msalaba au mfupa uliopasuka. Likivimba kesho yake asubuhi, mara nyingi ni meniski au ule usagikaji wa zamani uliochokozwa. Kwa mwenye miaka 55 au zaidi, jeraha jipya la goti linatosha peke yake kuwa sababu ya eksirei; ndivyo ilivyo katika kanuni za goti zilizotungwa Ottawa, Kanada. Kanuni hizo huongeza: maumivu ukibonyeza kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje, au pia ya goti peke yake, kushindwa kukunja hadi nyuzi 90, kushindwa kutembea hatua nne. Sababu ya kuwatilia mkazo wazee ni kwamba mfupa wao mara nyingi ni dhaifu, na sehemu ya juu ya ugoko inaweza kubonyea huku kila mtu akidhani ni mteguko.

Kisha mwambieni anyanyue mguu ukiwa umenyooka. Akishindwa kabisa, na juu au chini ya pia pana shimo ambapo kidole kinazama, kano ya paja au ya pia imekatika. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kushonwa mapema kuna matokeo mazuri kuliko kushonwa baada ya wiki sita. Siku hiyo hiyo pia kwa anayeshindwa kuinua kidole gumba cha mguu au nyayo, kwa mguu uliopoa na kupauka, na kwa goti la moto lenye homa, ambalo huenda lina usaha.

Asiye na dalili hizo, kwa saa 72 za kwanza apate barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho, bendeji isiyobana sana, mguu juu ya mto. Asikandwe kwa maji ya moto, asichuliwe, na asipelekwe kwa fundi wa kuunga viungo "akalirudishe". Tunawaheshimu wazee wa kazi hiyo, lakini goti linalovuja damu likichuliwa huvuja zaidi, na lililopasuka mfupa likikunjwa kwa nguvu, kipande kilichokuwa mahali pake huhama.

Kuhusu picha, ombeni eksirei ya magoti yote mawili mgonjwa akiwa amesimama. Akilala, mifupa haikandamizwi na nafasi huonekana nzuri hata gegedu likiwa limekwisha. MRI ina kazi yake, ila tahadhari: baada ya miaka 50 meniski zilizochanika ni za kawaida sana, hata kwa wasioumwa. Ripoti ikisema "meniski imechanika", hiyo si tiketi ya kuingizwa kamera na kusafishwa goti. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walilinganisha usafishaji huo na upasuaji wa mfano, ambamo ngozi tu ilichanwa, kwa wenye magoti yaliyosagika. Wagonjwa wa usafishaji hawakupata nafuu zaidi ya wenzao.

Ligamenti ya ndani huungana yenyewe, kwa sababu ina damu ya kutosha na iko nje ya kiungo. Iliyochanika kabisa hupewa mkanda wa goti wenye vyuma vya bawaba pembeni, wiki nne hadi sita, huku goti likiendelea kukunjwa na kukunjuliwa. Plasta ngumu kwa mzee mwenye goti lililosagika tunaiogopa: atapona ligamenti na kubaki na goti lisilokunja. Ligamenti ya mbele kwa kawaida haiungani vizuri. Ncha zake zinaelea kwenye ute, na ute huyeyusha damu iliyoganda kabla haijawa kovu. Hata hivyo kuitengeneza upya kwa mzee mwenye goti lililokwisha kulika si kawaida, kwani kamba mpya haileti gegedu jipya na maumivu hubaki.

Kinachobaki, na ndicho chenye faida kwa wengi, ni misuli. Kaza paja ukiwa umenyoosha mguu, shikilia sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Hili lianze hata goti likiwa bado limevimba. Inua mguu ulionyooka sentimita 30 kutoka kitandani, mizunguko mitatu ya mara 10. Kaa na kusimama kwenye kiti kigumu bila kushika kwa mikono, mara 10, mizunguko miwili. Kiti kikikushinda weka mto juu yake, na kila wiki punguza unene wa mto. Simama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na meza, sekunde 20. Mazoezi haya ya kusimama yafanye siku tatu kwa wiki. Maumivu kidogo yanaruhusiwa, mradi yawe yametulia ndani ya saa 24. Yasipotulia, punguza idadi, usiache. Faida huanza kuonekana wiki ya sita hadi ya nane, na wengi huacha wiki ya tatu.

Uzito: kila kilo moja inayopungua mwilini humpunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande mzima, ncha ya juu ifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia. Ngazini, kupanda utangulie mguu mzima, kushuka utangulie mbovu. Kwa wanaosali, goti lililovimba lisilazimishwe kukaa juu ya visigino; kiti kipo na ruhusa ipo.

Dawa tupite haraka. Anzeni na jeli ya diklofenaki ya kupaka. Vidonge vya jamii hiyo, kwa mzee mwenye presha, figo au vidonda vya tumbo, visinunuliwe dukani bila kuuliza. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa, na isirudiwe kabla ya miezi mitatu. Utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa waliochomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi na hawakupata nafuu kubwa kuliko waliochomwa maji ya chumvi.

Ikifika hatua ya kubadilisha goti, ligamenti ndizo zinazoamua aina. Goti nusu, linalobadilisha chumba cha ndani peke yake, kwa kawaida linataka ligamenti ya mbele iwe nzima. Goti lote linapobadilishwa, ligamenti ya mbele mara nyingi huondolewa, ya nyuma huachwa au kazi yake hufanywa na kigingi cha plastiki, lakini zile mbili za pembeni lazima zifanye kazi, la sivyo goti jipya litayumba na plastiki yake italika mapema. Ya ndani ikiwa imekwisha kabisa, daktari atahitaji kiungo chenye bawaba na mashina marefu ndani ya mifupa, nacho lazima kiagizwe kabla ya siku ya upasuaji. Kwa hiyo mkionana naye mara ya kwanza, mwambieni kila mteguko mnaoukumbuka, hata wa ujanani: mguu upi, mwaka gani, na kama goti lilivimba siku ile ile.